NOAA zimezimwa. Sasa picha za mawingu yetu tutaomba kwa nani?

Najua wengi wenu mnasoma hii mkiwa kafe, dakika zinakimbia na dada wa kaunta ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo naingia kwenye mada bila kuzunguka.

Mwaka 2025, kati ya Juni na Agosti, Wamarekani walizima setilaiti 3 za hali ya hewa. NOAA-18 ilizimwa Juni 6. NOAA-19 ikafuata Agosti 13. Ya mwisho, NOAA-15, ikanyamazishwa Agosti 19. Kwenye magazeti ya Bongo sikuona hata kipande, na siwalaumu, mwezi ule nchi nzima ilikuwa na CHAN na habari za wagombea. Lakini mimi usiku wa Agosti 19 nilikaa juu ya ndoo uani kwetu Mbagala, nikisikiliza mchakacho mtupu pale ambapo siku zote palikuwa na sauti. Wapangaji wenzangu walidhani nimeachwa na demu.

Utauliza, setilaiti za Marekani zikizimwa, wewe mtoto wa Mbagala uliyeishia kidato cha nne inakuhusu nini? Hapo hapo ndipo nataka tujadili.

Setilaiti hizi zilikuwa na tabia moja ambayo mpya zao hazina. Zilikuwa zinapiga picha ya mawingu na nchi iliyo chini yake, halafu palepale zinairusha chini kama redio inavyorusha taarabu, kwa yeyote mwenye sikio. Hakuna nywila, hakuna kujisajili, hakuna bando. Utaratibu huo unaitwa APT na ulijaribiwa kwanza kwenye setilaiti iliyoitwa TIROS-8 mwezi Desemba 1963, mwezi uleule Zanzibar na Kenya zinapata uhuru. Yaani ni kitu cha enzi za babu, na uzee wake ndio uliokuwa faida yetu. Picha inageuzwa kuwa sauti, mistari 2 kila sekunde. Ukiisikia ni tik-tok, tik-tok yenye mluzi ndani yake, kama saa ya ukutani iliyomeza filimbi. Setilaiti yenyewe iko kilomita 850 hivi juu, inamaliza mzunguko mmoja wa dunia kwa dakika 100 na kidogo. Ikipita juu yako unaipata kwa dakika 10 hadi 15, tangu inapochomoza hadi inapozama. Ukimaliza, programu ya kompyuta inaigeuza ile sauti irudi kuwa picha, na mbele yako kuna Ethiopia juu, Madagascar pembeni, Ziwa Tanganyika kama kucha ndefu iliyolala, na mawingu yote yaliyopo dakika ile. Si ya jana, wala si ya saa moja iliyopita.

Vifaa? Antena ni mabomba 2 membamba ya alumini niliyoyang'oa kwenye antena ya TV iliyokufa, kila moja sentimita 53 na ushee, yamefungwa kwenye kipande cha mbao kama herufi V iliyofunguka sana, nyuzi 120. Waya ni ule wa kawaida wa antena ya TV. Kitu pekee cha kununua ni kidude cha USB kinachoitwa RTL-SDR. Asili yake kilikuwa cha kutazamia TV kwenye kompyuta, wajanja wakagundua kwamba kinaweza kusikiliza masafa mengi sana. Kukiagiza ni kama dola 30 hadi 40. Kwa mtu anayelipwa kwa makala kama mimi hiyo si hela ya kuchezea, nilidunduliza miezi 4. Laptop ni ya mtumba, feni yake inalia kama mashine ya kusaga.

Basi. Hiyo ndiyo stesheni yangu ya anga za juu.

Sasa niwape kisa kilichonifanya nione kwamba huu si mchezo wa watu wasio na kazi.

Mjomba wangu ana mashua ya uvuvi Nyamisati, pale watu wanapopandia boti za Mafia. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, walikuwa wameshatangaza kwamba kimbunga kinachoitwa Hidaya kinasogea pwani yetu. Tangazo lilikuwepo, redioni lilisomwa. Shida ilikuwa WhatsApp. Kwenye kundi letu la ukoo iliingia video ya mawimbi yanabomoa nyumba, mtu kaandika eti ni Mtwara asubuhi hii. Haikupita nusu saa binamu mmoja akaitambua, ilikuwa ya nchi za Asia huko, ya miaka mingi. Kuanzia hapo mjomba akatia vyote kapu moja, video ya uongo na tangazo la kweli. Akasema wanatutisha tu, bahari mimi naijua.

Ijumaa ya Mei 3 asubuhi NOAA-19 ikapita upande wa bahari. Picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari kwenye kioo, na pale kati ya Comoro na pwani yetu nikaona wingu limejikunja kama konokono. Vimbunga nimeviona sana kwenye TV. Hiki kilikuwa tofauti kwa sababu nilijua kati yangu na chenyewe hakuna mtu wa tatu. Nikaituma kwa mjomba. Haikuchukua muda simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hii umepiga saa ngapi?"

"Asubuhi hii hii, hata chai sijanywa."

"Nani kakutumia?"

"Hakuna aliyenitumia. Imeingia kwenye antena yangu, ile uliyoicheka."

Akanyamaza. Halafu akauliza Mafia iko wapi kwenye picha, nikamwelekeza. Akauliza Nyamisati iko wapi, nikamwambia haionekani, ni ndogo mno. Akakata simu. Mashua haikutoka siku ile wala ya pili yake.

Nisijivike kilemba cha ukoka. Picha yangu haikujua kimbunga kinaelekea wapi, wala upepo wake una kasi gani, hayo ni ya TMA na mitambo yao. Mimi nilikuwa na doa la kijivu ambalo kila nukta yake ni kilomita 4 za bahari. Ila doa lile lilikuwa na saa yake na lilikuwa na mwenyewe, mtu ambaye mjomba anaweza kumpigia simu na kumbana maswali. Kesho yake, Mei 4, Hidaya ikatua upande wa Mafia. Mvua ikapiga Pwani, Lindi na Mtwara, barabara ya Dar kwenda kusini ikakatika pale Somanga, na wazee wakarudia habari za kile kimbunga cha Lindi cha mwaka 1952.

Haya, sasa shikeni hesabu hii. Mei 12, yaani siku 8 tu baadaye, nyaya 2 za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini. Mnakumbuka wenyewe. Afrika Mashariki yote intaneti iliyumba, na sisi Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kafe zilikuwa tupu, watu wamekaa nje wanacheza drafti. Je, ingekuwa nyaya zimekatika Mei 3? Au Hidaya kingechelewa siku 8? TMA wasingekuwa vipofu, wao wana sahani yao inayopokea data za setilaiti za Ulaya moja kwa moja kutoka angani bila kupitia intaneti. Vipofu tungekuwa wewe, mimi na mjomba. Tungebaki na redio na uvumi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "lakini picha nzuri zaidi zimejaa mtandaoni", namwambia kweli, zimejaa. Setilaiti ya Meteosat iliyowekwa juu ya Bahari ya Hindi inapiga picha kila dakika 15 na ni kali kuliko yangu. Mimi mwenyewe naziangalia. Lakini picha ile inakufikia baada ya kupita Ulaya, ikapita kwenye nyaya, ikapita kwa kampuni ya simu, ikapita kwenye bando lako. Katika njia yote hiyo yeyote anaweza kukwama au kukukwamisha. Ya NOAA ilikuwa inatoka juu ya kichwa chako inaingia kwenye bomba la alumini.

Kwa nini walizizima? Hapa vijiwe vya mtandaoni vimejaa njama. Wapo wanaosema ni Trump na kubana bajeti. Wapo wanaosema walitaka kutuficha kitu. Mimi sikubaliani, ingawa ni kweli NOAA ilipita kwenye mtikisiko wa bajeti na wafanyakazi mwaka ule. Ukweli mkubwa ni kwamba zilikuwa zimechoka. NOAA-15 ilirushwa Mei 1998, ikiwa imetengenezwa ili ifanye kazi miaka 2. Ikafanya 27! Kuna wadau humu wamezaliwa, wamesoma na wameoa huku inazunguka tu. NOAA-18 ilikwenda juu Mei 2005 na mwishoni mtambo wake wa kurushia data ukafa. NOAA-19, ambayo ndiyo niliipenda zaidi, ina historia ya ajabu. Septemba 2003 ikiwa bado kiwandani California mafundi waliilaza kwenye kigari bila kukagua kwamba bolti 24 za kuishikilia hazipo, ikaanguka chini puu. Ikabidi itengenezwe upya na ikarushwa Februari 2009. Kitu kilichoanguka sakafuni kikaja kunionyesha Hidaya miaka 21 baadaye.

Kwa hiyo kufa ni halali yao. Swali langu ni kuhusu warithi. Setilaiti mpya za Marekani, NOAA-20 na NOAA-21, zina picha zinazofika hadi nukta ya mita 375. Ukitaka kuzipokea mwenyewe zinarusha pia, lakini kwenye masafa ya juu sana, unahitaji sahani inayozunguka yenyewe kuifuata setilaiti bila kupotea hata kidogo. Wapo watu wa ridhaa huko ughaibuni walioweza kwa kuungaunga vifaa, nawavulia kofia. Sisi wa mabomba ya TV hapo tumeachwa kituoni. Na angalieni tarehe: Agosti 13, 2025, siku NOAA-19 inazimwa, Ulaya walirusha setilaiti yao mpya ya hali ya hewa, Metop-SG ya kwanza, kutoka Kourou. Nayo inarusha kwenye masafa hayohayo ya juu. Kila kizazi kipya kinaona vizuri zaidi na kinasikika kwa wachache zaidi. Sidhani kuna mtu alikaa kikao akasema tuwafungie wa Mbagala. Nadhani walikaa mahali ambapo intaneti haikatiki, wakaamini kila mtu anayo.

Sasa kuna mlango mmoja umebaki wazi na ni wa Mrusi. Setilaiti zake za Meteor-M, namba N2-3 ya Juni 2023 na N2-4 ya Februari 2024, zilikuwa bado zinarusha picha wazi hadi mwishoni mwa 2025, na masafa ni yaleyale ya megahezi 137. Antena yangu sikuigusa hata msumari. Kilichobadilika ni programu tu, siku hizi natumia SatDump ambayo ni ya bure, na picha ni kali zaidi, nukta ya kilomita 1. Ila ni za kidijiti, hakuna tik-tok tena, unasikia mchakacho tu kama mvua kwenye bati. Na hazina huruma. NOAA ikififia ulipata picha yenye chengachenga, ukaweza kuisoma. Meteor ikififia unapata mstari mweusi.

Zingatieni lakini. Mbili. Za nchi moja, iliyoko vitani na yenye vikwazo shingoni. N2-2, iliyozitangulia, iligongwa na kijiwe cha angani Desemba 2019 na haikurudi kurusha picha kwetu sisi. Sipingi kuzitumia, nazitumia kila siku. Nasema tu kwamba tulikuwa na milango kadhaa, sasa tuna mmoja, na ufunguo hatuna.

Mtu anaweza kuniambia nakuza mambo. Basi nimkumbushe Oktoba 29, 2025.

Sitaki kuingia kwenye siasa, msimamizi wa ukurasa huu ana watoto. Nasema tu kile ambacho kila mmoja wenu alikiona kwenye simu yake: siku ya uchaguzi mkuu intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Dar jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, akaja kunigongea akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, lile dude lako juu ya paa litoe, watu watadhani unawasiliana na nani. Akasema kweli. Nikapanda nikalitoa, nikalifunga kwenye nondo za dirisha kwa kamba ya katani.

Antena ya dirishani inaona nusu ya mbingu. Nilipata picha, na yenyewe ilikuwa nusu: bahari na kipande cha pwani, upande wa bara giza tupu. Haikuniambia chochote kuhusu yaliyokuwa yanatokea barabarani, na wala haiwezi. Ilikuwa mawingu. Lakini wiki ile ndicho kitu pekee kipya kilichoingia kwenye kompyuta yangu kutoka nje ya chumba, na niliitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Nilikuwa sina mtu wa kumtumia.

Tuendelee. Wanaotaka kuanza na hawana hata hiyo dola 30, kuna njia nyingine, nayo ni ya redio ya ridhaa kabisa, maana yake redio za watu wanaowasiliana kwa kupenda tu bila biashara. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile ambacho wanaanga wanaishi ndani yake kilomita 400 na kitu juu yetu, huwa kinarusha picha kwa vipindi, siku chache kwa mpigo, mara kadhaa kwa mwaka. Wanaoratibu ni kundi linaloitwa ARISS. Masafa ni megahezi 145.800. Hizi si picha za mawingu ya leo, huwa ni kama kadi za kumbukumbu, michoro ya wanafunzi, Gagarin, mambo ya historia ya anga. Kila moja inachukua dakika 2 hivi kushuka. Uzuri wake ni kwamba zile walkie-talkie za Baofeng wanazobeba walinzi wa getini zinaipata vizuri. Unaweka programu ya Robot36 kwenye simu ya Android, unaisogeza simu karibu na spika, picha inajichora. Nimeshafanya na mlinzi wa jengo moja mjini, kazi yake ilikuwa kushika redio juu, yangu kushika simu. Aliona picha inatokea akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Angalizo hapa, na nalisema kwa herufi kubwa: KITUFE CHA KUONGEA USIKIBONYEZE. Kusikiliza ni jambo moja, kurusha mawimbi bila leseni ni kesi. Wanaotaka leseni ya ridhaa waulize TCRA, Wakenya waulize Mamlaka ya Mawasiliano yao. Kabla hujaagiza redio yoyote kutoka nje uliza kwanza, isije ikaishia bandarini.

Kisa kingine ambacho kinanikereketa ni cha majirani. Mei 11, 2018 Kenya walipata setilaiti yao ya kwanza, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kaboksi ka sentimita 10 kila upande, kaliachiwa kutoka ndani ya chumba cha Wajapani kwenye kile kituo cha anga. Ilikuwa na kamera, na ilirusha kwenye masafa ya ridhaa, megahezi 437.300. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, watu wa ridhaa duniani wakaidaka. Mmoja wa walionasa picha zake na kuziunganisha alikuwa Brazil! Mimi sioni wizi hapo, wala aibu. Mambo haya ni ya zamani. Februari 1966 Wasovieti walipotua mwezini na Luna 9, Waingereza wa Jodrell Bank walisikia ile sauti wakaitambua, inafanana na mashine ya magazeti ya kutumia picha. Wakaazima mashine kwa gazeti la Daily Express, na picha za mwezi zikachapwa London kabla Wasovieti hawajazitoa wenyewe. Mwenye sikio ndiye mwenye picha. Ninachouliza ni wangapi kati ya Mombasa na Kisumu walikuwa na antena juu siku zile kasetilaiti kao kanapita. Kalikuwa kanapita juu yao pia. Mwaka 2020 kakaungua kakirudi duniani.

Na hii ndiyo hoja yangu kwa wakubwa, kama kuna mkubwa anasoma humu. Kila nchi ya ukanda huu sasa inataka setilaiti. Kenya wameongeza Taifa-1 Aprili 2023, Rwanda na Uganda nao wana historia zao, na kwetu mipango inatajwa. Safi sana, sina wivu. Lakini kasetilaiti kakirushwa, kawekewe kamtambo kadogo ka kurusha picha wazi kwenye masafa ya megahezi 137 au ya ridhaa, picha mbaya ya kijivu tu inatosha, ili shule ya kata yenye mabomba 2 na laptop 1 iweze kuipokea bila kumwomba mtu. Kifaa kama hicho walikiweza mwaka 1963. Fizikia ya sekondari imo mle ndani: mawimbi, masafa, kwa nini sauti inapanda setilaiti ikija na kushuka ikiondoka. Mimi hilo la mwisho shuleni nililikariri kwa ajili ya mtihani, nikakosa. Nimelielewa juu ya ndoo uani.

Hadi hapo itakapotokea, tutumie kilichopo. Meteor huwa zinapita juu yetu asubuhi na jioni. Mjomba bado ananipigia kabla ya kutoka, na swali lake ni lilelile, umepiga saa ngapi. Juzi nilimjibu kwamba sikupata, setilaiti ilipita chini sana upande wa magharibi ikafunikwa na ghorofa jipya la jirani. Akaniambia basi hamia Nyamisati, huku hakuna ghorofa.

Mwenye swali la vipimo vya antena au programu aandike hapo chini. Mwenye antena ya TV iliyokufa asiitupe. Na kama kuna mdau wa Mtwara, Tanga, Pemba au Lamu ambaye ameshawahi kupokea picha hizi, ajitokeze, nataka tulinganishe picha za siku moja. Nitajibu wote nikirudi kafe Jumatatu, leo dakika zangu zimeisha.